Staftahi ya Mtoto na Muda wa Shibe Yake
Kijitabu cha afya kwa watu wa nyumbani

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Pemba, mtoto hupewa asubuhi kikombe cha chai ya rangi iliyokolea sukari, pamoja na andazi au kipande cha boflo, kisha akashika njia ya skuli akiwa, kwa dhahiri ya mambo, ameshiba. Lakini haifiki saa nne ila tumbo limekwisha kumsumbua, akili imemtoka katika somo, na senti alizopewa zimekwenda kwa muuza barafu na pipi. Aghalabu mtoto huyo huitwa mlafi. Hukumu hiyo si ya haki, kwani njaa ya saa nne mara nyingi asili yake ni kile kilichoandaliwa saa kumi na mbili, na mwenye kukiandaa si yeye.

Shibe si kujaa kwa tumbo peke yake. Ni kweli kwamba tumbo likitanuka kwa chakula, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, na ndiyo maana uji mwepesi humtuliza mtoto kwa kitambo. Bali habari hiyo hudumu kadiri chakula kinavyokaa tumboni, na vya majimaji hupita upesi. Zipo habari nyingine zipelekwazo na homoni. Tumbo lililo tupu hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo wataalamu wa Kijapani waliitangaza mwaka 1999, nayo huamsha hamu ya kula. Na utumbo unapopokea protini na mafuta hutoa homoni nyingine za kuituliza hamu hiyo na kulichelewesha tumbo lisimwage chakula kwa haraka. Katika vyakula vyote, protini ndiyo yenye nguvu zaidi ya kushibisha, na nyuzinyuzi za nafaka na kunde huisaidia. Ama unga mweupe uliokobolewa na kusagwa laini, huo humeng'enywa upesi, sukari ikapanda katika damu kwa ghafula, insulini ikaja kuishusha, na baada ya saa mbili tatu mwili ukadai tena.

Mwaka huo huo wa 1999, Daktari David Ludwig na wenzake wa Boston, Marekani, walichapisha uchunguzi ambao sisi tunauona una mafunzo makubwa, ingawa ulihusu vijana 12 tu, nao walikuwa wanene. Kila kijana, kwa siku mbalimbali, alipewa staftahi na chakula cha mchana vya aina tatu vyenye nguvu sawa: siku moja uji wa oti uliotengenezwa kiwandani uive mara moja, siku nyingine uji wa oti zile zile zilizokatwa vipande vigumu, na siku ya tatu mayai yaliyokaangwa na mboga, pamoja na matunda, kisha alasiri wakaachiwa wale watakavyo. Baada ya uji wa kiwandani walikula asilimia 81 zaidi kuliko baada ya mayai, na asilimia 53 zaidi kuliko baada ya oti za vipande. Tafauti hii ya pili ndiyo ya kutazamwa sana, kwa kuwa nafaka ilikuwa moja. Kilichohitilafiana hasa ni namna ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo mama, baba au bibi apangaye staftahi hana haja ya kutafuta vyakula vya kigeni. Wazee waliokula mahamri kwa mbaazi za nazi walikuwa na maarifa mema, kwani mbaazi huleta protini na nyuzinyuzi, na tui huleta mafuta. Upungufu umeingia pale mbaazi zilipoondoka sahanini na mahamri yakabaki na chai. Uji wa ulezi au wa mtama, uliopikwa mzito na kutiwa maziwa au karanga zilizosagwa, hudumu tumboni kuliko uji mwepesi wa sembe, na unga wa dona hufaa kuliko sembe kwa sababu haukuondolewa kiini wala ganda. Viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha ni chakula kizuri, ila havina protini ya kutosha. Visindikizwe na maharage au kunde zilizochemshwa usiku na kupashwa moto vizuri asubuhi, au samaki aliyebaki, au dagaa. Yai moja lina kadiri ya gramu 6 za protini, na bilauri ya maziwa inakaribia kadiri hiyo hiyo. Twajua kwamba yai la kila siku kwa kila mtoto ni gharama isiyobebwa na kila aila, na kwa sababu hiyo tunazitaja kunde kwanza. Karanga zichambuliwe kabla ya kusagwa, na zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, kwani huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Kuhusu chai, kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na bora zaidi ishuke chini ya nusu ya hiyo; nusu hiyo, kwa mtoto ahitajiye kalori 1,500, haifiki vijiko vitano kwa siku nzima, ilhali wako watoto wapewao vitatu katika kikombe cha asubuhi tu. Fauka ya hayo, tanini iliyomo katika chai huuzuia mwili kufyonza vema madini ya chuma yaliyomo katika kunde na nafaka.

Hayo ni kwa watoto wa skuli. Mtoto wa miezi sita hadi minane ana tumbo dogo, lichukualo kadiri ya gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, na kwake hatari ni kujaa kabla ya kupata nguvu ya kutosha. Uji wake uwe mzito usiomiminika kijikoni, wenye mafuta kidogo au karanga zilizosagwa laini, na maziwa ya mama yaendelee.

Mzazi achague chakula na saa ya kula, na mtoto aachiwe kuamua kiasi, kama alivyofundisha mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter. Kwani mtoto ashurutishwaye kumaliza sahani huzoea kutoisikiliza shibe yake. Asiyetamani kula alfajiri asilazimishwe. Afungiwe viazi na yai, au chapati na maharage, katika kibakuli chenye kifuniko, ale wakati wa mapumziko.

Lakini mtoto ambaye njaa haimwishi, naye anakunywa maji kupita desturi, anakojoa mara kwa mara na kukonda, huyo si wa kubadilishiwa staftahi: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, akapimwe sukari ya damu.