Mgeni wa Ziwani: Ubaguzi katika Bunilizi ya Kisayansi ya Watoto

Bunilizi ya kisayansi ya watoto humtumia kiumbe kutoka sayari nyingine kuufichua ubaguzi. Mhusika wa aina hii si mpya katika fasihi simulizi ya Waluo. Katika simulizi ya Nyamgondho mwana wa Ombare, inayohusishwa na Gwassi, kaunti ya Homa Bay, mvuvi maskini anamvua mwanamke kutoka ziwani, naye anamletea utajiri wa mifugo. Baadaye mvuvi anamtukana kwa asili yake. Mwanamke anarudi majini na mifugo yote. Nyamgondho anageuka mti.

Ikumbukwe kuwa tusi linakuja baada ya wema. Nyamgondho alimpokea mgeni kwa manufaa, wala hakumwona kuwa sawa naye.

Hata hivyo, simulizi hii inaishia katika adhabu. Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, ingawa haikuandikiwa watoto, inapiga hatua zaidi: Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani hadi nchi ambayo jina lake, likichanganuliwa, ni 'wale ni sisi'.

Mtunzi anayewaandikia watoto wa Kisumu aziunganishe kazi hizi mbili. Mtoto anayeogopa kugeuka mti atauzuia ulimi tu; anayejua kuwa wale ni sisi hatakuwa na wa kumtukana.