Brashi Hufia Shingoni

Nilipoanza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi, niliua brashi tatu ndani ya mwezi mmoja. Zote zilichanua kama ufagio wa chelewa. Nikamlaumu muuza duka, kumbe kosa lilikuwa langu.

Nywele za brashi hushikwa na gundi ndani ya ile shingo ya bati. Rangi ikipanda mpaka humo na kukauka, inazisukuma nywele zitawanyike, na hazikusanyiki tena. Kwa hiyo chovya nusu ya nywele tu, basi.

Dukani, usibabaishwe na namba. Kila mtengenezaji ana vipimo vyake, hivyo 0 ya huyu huenda ikawa nene kama 1 ya yule. Sifuri zikiongezeka, yaani 00, 000, brashi inazidi kuwa nyembamba, na sisi tunaojifunza huzikimbilia tukidhani ndizo zitakazotuchorea jicho la swala. Brashi ya namna hiyo haibebi rangi ya kutosha. Kabla hujamaliza kope moja imekwisha kukauka. Namba 1 au 2 yenye tumbo nene na ncha kali inachora jicho hilo vizuri zaidi.

Ncha hupimwa kwa maji. Brashi mpya huwa imegandishwa kwa gundi nyepesi ili ipendeze dukani, kwa hiyo usiiamini ikiwa kavu. Mwombe muuzaji maji kidogo, uilowanishe mpaka ilainike, kisha uikung'ute mara moja. Nywele zikijikusanya zenyewe, lipa. Zikigawanyika kama ulimi wa nyoka, irudishe.

Kwa rangi za maji, nywele zinazosifiwa kuliko zote ni Kolinsky, zitokazo mkiani mwa kicheche wa Siberia. Bei yake si ya mchezo. (Zile zinazouzwa kwa jina la ngamia hazina unywele wa ngamia, mara nyingi ni kindi au mbuzi.) Anayetumia akriliki asijitie hasara: nailoni inatosha, na inavumilia kusuguliwa.

Akriliki hukauka kwa dakika chache, na ikishakauka maji hayaitoi. Suuza kila unapobadilisha rangi, lakini usiiache brashi imesimama kichwa chini ndani ya kopo: ncha inapinda, na maji yanaingia kwenye mpini, mti unavimba na shingo inalegea. Ukimaliza kazi, chukua sabuni ya mche na maji ya kawaida, si ya moto, kwani moto hulainisha gundi. Zungusha brashi kiganjani juu ya povu, ukiikamua kwa vidole kutoka shingoni kwenda nchani. Utadhani imetakata, halafu povu la bluu litoke tena. Hiyo ndiyo rangi iliyojificha shingoni. Endelea mpaka povu liwe jeupe.

Wanaochora Tingatinga kwa rangi ya mafuta, ile inayong'aa, maji hayawasaidii. Wao huanza na tapentaini au mafuta ya taa, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali, ndipo sabuni ifuate. Mafuta machafu usiyamwage mtaroni. Yaache kwenye chupa iliyofungwa. Rangi itazama chini, nawe utatumia tena yale masafi ya juu.

Tengeneza ncha kwa vidole, si kwa midomo, maana baadhi ya rangi zina sumu kama kadimiamu. Laza brashi ikauke, ndipo uisimamishe nywele zikiwa juu. Za nywele za mnyama zifungie vizuri, nondo wanazitafuna.

Zile tatu zangu sikuzitupa. Moja napakia mandhari ya nyuma. Ya pili napigia nyasi, kwani nywele zilizotawanyika hutoa majani kumi kwa mpigo mmoja. Ya tatu nimeinyoa kabisa. Kwa kitako cha mpini wake nadonoa madoa ya chui.