Somo: Kinasa Vumbi cha Pipa kwa Karakana za Useremala

Vumbi la mbao halimwangushi fundi kwa siku moja. Humdhuru kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini iliyoliweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hususan ya pua.

Seremala anaweza kujitengenezea kinasa vumbi kwa pipa lenye mfuniko, mabomba ya plastiki ya inchi 4 na feni ya kufyonza yenye nguvu.

Kwanza, bomba la kuingiza hewa liungwe ubavuni mwa pipa, karibu na mfuniko, kwa mshazari, ili hewa izunguke ndani. Mzunguko huo husukuma maranda pembeni, yakaanguka chini.

Pili, bomba la kutoa hewa lipite katikati ya mfuniko hadi kwenye feni. Feni ikitanguliwa na pipa, vipande vya mbao na misumari haviipigi na kuzua cheche.

Tatu, kila kiungo kizibwe kabisa. Hewa ikipenya kwenye pipa, vumbi lililokwisha kutua hufyonzwa tena.

Nne, hewa itolewe nje, mbali na madirisha na majiko ya majirani.

Pipa limwagwe kabla ya kujaa nusu, na moto wala sigara visilikaribie. Vumbi jembamba zaidi, hasa la msasa, bado hupenya. Kwa hiyo fundi na mwanagenzi wake wasivue barakoa.