Kalamu ya wino kwa pembe ya Ankole: jinsi ninavyoitengeneza hapa Kampala

Kalamu ya wino huandika kwa sababu ya hewa. Wino ukitoka kwenye nibu, nafasi yake ndani ya kalamu lazima ijazwe na hewa. Hewa ikikosa njia, wino unagoma. Ikipita pasipofaa, unamwagikia shati. Lewis Waterman wa New York alipata hataza yake mwaka 1884 kwa kutatua jambo hilo: chini ya nibu aliweka fidi, kipande chembamba chenye mifereji inayoteremsha wino na kupandisha hewa. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na urembo. Urembo naupenda sana, lakini hatua zote nitakazoeleza hapa zinalinda njia hiyo ya hewa.

Kuchagua pembe

Natumia pembe za ng'ombe wa Ankole. Machinjio ya upande wa Barabara ya Port Bell hayakosi pembe, na mafundi wa mjini huzigeuza vifungo, bangili na vijiko. Wao hutaka sehemu pana yenye uwazi. Mimi natafuta ncha, kwa sababu huko pembe imejaa, haina mfupa wala tundu. Chagua ncha iliyonyooka, yenye unene wa angalau milimita 20, uimulike kwa tochi kutafuta nyufa. Kiwiliwili na kifuniko vitoke kwenye pembe moja ili rangi zifuatane. Pembe za ndovu usiziguse: sheria inakataza, na ya ng'ombe inatosha kwa uzuri.

Kisha vuta subira. Pembe ni keratini, sawa na kucha na nywele, nayo hunywa unyevu. Hapa karibu na Ziwa Victoria unyevu haukosekani. Natoboa tundu jembamba katikati ya kila kipande, kisha nakiweka rafuni wiki kadhaa. Kama kitajipinda, kijipinde sasa, kabla sijakata nyuzi za skrubu.

Asiyepata pembe nzuri atumie mpingo, mti uleule unaotengenezewa klarineti na obo. Ni mgumu, unashika nyuzi vizuri, na unang'aa bila rangi.

Kutoboa na kukereza

Kama huna mashine ya kukereza, nenda Katwe, hapa hapa mjini, ukatafute fundi wa vyuma mwenye nayo, mkubaliane akukodishe kwa saa. Mweleze mapema kwamba pembe si chuma. Kisu kiwe kikali, na kila mkato uwe mwepesi. Pembe ikipata joto hutoa harufu ya nywele zilizoungua, hulainika, na tundu linabadilika kipimo. Chomoa keekee mara kwa mara ili ipoe na vumbi litoke. Vaa barakoa, vumbi la pembe halifai kifuani.

Tundu la kiwiliwili nalitoboa kwa biti ya milimita 9, kisha nakata nyuzi kwa tepu ya M10 yenye hatua ya milimita 1. Tepu nazungusha kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Ukuta wa kiwiliwili usipungue milimita 1.5, na tundu lisifike mwisho.

Kishikio

Sehemu ya vidole sitengenezi kwa pembe. Hapo wino uko karibu mno, na pembe ikinywa wino huvimba na kubadilika rangi. Natumia ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. Haijali wino, na ndiyo iliyotumika kwenye kalamu nyingi za zamani. Kwa sababu hiyohiyo, wino usimimine moja kwa moja kwenye kiwiliwili cha pembe. Weka katriji au kipampu cha kuvutia wino; kwa kawaida huchukua chini ya mililita 1, lakini barua kadhaa utaandika.

Nibu nanunua ikiwa imeshaunganishwa na fidi yake. Kampuni mbili za Ujerumani, JoWo ya Berlin na Bock ya Heidelberg, huwauzia watengenezaji wengi wadogo. Nyuzi zao hazifanani, wala tepu za kawaida za dukani haziingiliani nazo. Kwa hiyo agiza nibu na tepu yake pamoja, uzipime kwa kalipa, ndipo utoboe kishikio.

Kifuniko

Kifuniko ndicho kinachozuia wino usikauke. Nyuzi zake ziwe za njia tatu, kifunguke kwa mizunguko michache. Ndani, acha kingo itakayogusana na kishikio pande zote. Kina kiwe cha kutosha ili nibu isiguse mwisho. Jaribio langu ni hili: jaza wino, funga, laza kalamu mezani siku kadhaa. Ukifungua iandike mara moja. Ikisita, hewa inapita mahali. Rudi kwenye ile kingo.

Kung'arisha na kuandika

Piga msasa kuanzia namba 400 hadi 2000, kwa urefu wa pembe, kisha malizia kwa nta na kitambaa cha pamba. Usiiloweke majini.

Nibu na fidi zioshe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa sababu mafuta ya kiwandani huzuia wino. Kwa kioo cha kukuza, hakikisha meno mawili ya nibu yako usawa mmoja. Ndipo andika, tena kwenye karatasi ya kawaida ya Nasser Road hapa Kampala, maana ndiyo ambayo mwenye kalamu atakutana nayo kila siku. Tumia wino wa kalamu hizi tu. Wino wa kuchorea wenye shelaki hugandia kwenye fidi.

Safari ya Kabale

Jaribio la mwisho liko barabarani. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kabale iko karibu mita 2,000. Ukipanda huko, mgandamizo wa hewa unapungua nje, hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka na kuusukuma wino. Kalamu iliyojaa nusu ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa ina hewa nyingi ya kutanuka. Mweleze mnunuzi aijaze kabisa au aimalize kabla ya safari, na aisimamishe nibu ikiwa juu.

Anayeanza aanze na kiwiliwili kimoja cha mpingo na kishikio cha ebonaiti. Akishapata kifuniko kinachoziba na kishikio kisichovuja, aende kwenye pembe. Rangi za Ankole zinastahili kalamu inayoandika.