Mwembe Umekatwa? Shika Kamba Kabla ya Kushika Hasira

Mwishoni mwa Novemba hapa Kashikishi watu hukimbizana na tarehe 1 Desemba, siku uvuvi Ziwa Mweru unapofungwa hadi mwisho wa Februari. Kuni za kukaushia samaki hugombewa. Siku moja nilirudi kutoka Mansa nikaukuta mwembe wangu uko chini, maembe mabichi yametapakaa, jirani anapasua magogo. "Ulikuwa wa mpakani, ndugu yangu," akasema, bila kuinua macho.

Hatua ni nne. Ya kwanza, usipigane. Ya pili, jua sheria: Zambia, kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai, na fidia unaweza kuidai. Tawi likivuka mpaka, jirani hukata lililovuka tu, shina halimhusu. Ila uwe mti ulioupanda wewe. Miti ya asili kwenye ardhi ya kimila, Sheria ya Misitu ya 2015 imeikabidhi kwa Rais kwa niaba ya taifa. Mti wa asili kama mpundu ukikatwa, wahusishe watu wa misitu.

Ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Pima kisiki siku hiyohiyo! Futi niliyouziwa sokoni ilikatika kabla sijafika nusu ya ua. Nikachukua uzi wa nyavu. Mmoja nikaufunga pembe ya nyumba, wa pili pembe ya choo, nikazivuta zote mbili hadi katikati ya kisiki na kupiga fundo pale zilipokutana. Mwine mushi, mkuu wetu wa kijiji, akashuhudia, akaondoka na nyuzi hizo.

Usiku wa tatu kisiki kikang'olewa, shimo likafukiwa, juu pakapandwa mihogo. Jirani akaja kwenye baraza la kijiji kifua mbele: "Mti gani?" Mzee akatoa nyuzi. Tukarudi uani kwangu, tukazivuta, mafundo yakakutana katikati ya mihogo, hatua tano ndani ya kwangu. Jembe la pili tu likatoa mizizi, bado mibichi, inanuka utomvu wa embe. Baraza zima likacheka.

Hatua ya nne ilikuwa mahakama ya chini, ile isiyohitaji wakili. Hatukufika. Tulihesabu mabeseni ya maembe ya misimu mitatu, akalipa kidogo kidogo. Awamu ya mwisho aliniletea perege wakavu. Watamu kweli. Sikumuuliza aliwakausha kwa kuni gani.