SOMO LA UFUNDI: Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kubadili Sensa



Vijana wengi wa kambini wanatamani kufanya kazi katika gereji za Kigali zinazotengeneza ekskaveta, greda na mashine nyingine za ujenzi. Nyingi ya mashine hizo zilikwisha kutumika nchi nyingine kabla ya kupita bandari ya Dar es Salaam au Mombasa. Somo hili ni kwa ajili yako unayejua kufungua na kufunga injini, lakini bado unaogopa umeme wake.

Sensa ni nini?

Sensa ni kifaa kidogo kinachopima joto, presha au mwendo, kisha kinapeleka habari kwa kompyuta ya injini kwa njia ya waya. Kompyuta ikipata habari mbaya huwasha taa, hupunguza nguvu ya injini, na pengine huizima kabisa.

Taa ikiwaka kuna mambo matatu yanayowezekana: injini yenyewe inaumwa, waya una kasoro, au sensa imeharibika. Fundi asiyepima hununua sensa mara moja. Kama kosa lilikuwa kwenye waya, fedha ya mwenye mashine imepotea. Kama kosa lilikuwa kwenye injini, hasara ni kubwa zaidi, kwa maana sensa ilikuwa inasema kweli na injini itakufa. Vibarua wanaolipwa kwa siku nao watakaa bila kazi. Kumbuka kwamba fundi mgeni mjini hana mali nyingine ila jina lake.

Kwa hiyo shika kanuni hii: chunguza injini kwanza, kisha waya, na sensa iwe ya mwisho.

1. Anza na usalama

Simamisha mashine mahali tambarare, teremsha kijiko mpaka chini, zima injini na uondoe ufunguo. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Usitafute kwa mkono mahali panapovuja dizeli kwenye mabomba ya presha kubwa. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Usichomoe soketi ya kompyuta wakati ufunguo umewashwa.

2. Soma namba ya kosa

Mashine nyingi za kisasa huonyesha kosa kwa namba mbili. Ya kwanza, inayoitwa SPN, hutaja kitu kinachopimwa: 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupozea, 102 ni presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Ya pili, inayoitwa FMI, hutaja aina ya kosa. Hii ya pili ndiyo mafundi wengi wanaisahau:

- FMI 0: kipimo kimepanda kupita kiwango cha hatari.
- FMI 1: kipimo kimeshuka chini ya kiwango cha hatari.
- FMI 2: habari zinayumbayumba.
- FMI 3: volti ni kubwa mno.
- FMI 4: volti ni ndogo mno.
- FMI 5: umeme haupiti, pengine waya umekatika.

Tazama tofauti. Namba 100-4 ni lalamiko la umeme: anza na waya. Namba 100-1 inasema oili haina presha: zima injini papo hapo, pima kiasi cha oili, kisha funga geji ya mkono mahali pa sensa. Geji ikionyesha presha nzuri, ndipo umshuku mpelekaji wa habari. Geji ikionyesha presha ndogo, mshukuru, maana ameokoa injini.

Baadhi ya viwanda vina namba zao wenyewe. Tafuta kitabu cha mashine hiyo.

3. Pima asubuhi, kabla ya kuwasha

Mashine iliyolala usiku kucha imepoa yote. Geuza ufunguo bila kuwasha injini, usome kwenye skrini au kwenye kifaa cha kusomea. Joto la maji, la hewa na la dizeli yanapaswa kukaribiana. Ikiwa maji ni nyuzi 17, hewa 16 na dizeli 55, unajua nani anadanganya.

Vivyo hivyo kwa presha ya hewa. Injini ikiwa imezimwa, sensa hii hupima hewa ya nje tu. Pwani, kama Dar es Salaam, itasoma kilopaskali 101 hivi. Kigali iko juu, kama mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Hapa tarajia 84 au 85 hivi. Usiseme sensa ni mbovu kwa sababu haifiki 101. Ikisoma 101 ukiwa Kigali, hiyo ndiyo ya kushukiwa.

4. Fuata waya kwa macho na mikono

Mashine kuukuu imepita mikononi mwa mafundi wengi. Tafuta waya zilizosokotwa na kufungwa kwa utepe, zilizosuguliwa na chuma, zilizoungua karibu na ekzosi au kutafunwa na panya. Fungua soketi utazame maji, vumbi na kutu ya kijani. Tikisa waya polepole huku mwenzako akiangalia skrini. Kipimo kikirukaruka, umepapata. Usitoboe ganda la waya kwa sindano, maji yataingia.

5. Pima volti

Sensa nyingi za presha zina waya tatu: moja huleta volti 5, moja ni ya ardhi, moja hurudisha habari. Chomoa soketi, geuza ufunguo, pima upande wa waya. Volti 5 zisipokuwepo, sensa mpya haitasaidia kitu.

Makosa matatu au manne yakitokea kwa pamoja, usinunue sensa nne. Mara nyingi sensa kadhaa hugawana volti 5 hizo, na moja iliyoungua ndani huziangusha zote. Zichomoe moja moja huku ukipima. Volti zikirudi, ile uliyoichomoa mwisho ndiyo mkosaji. Ukizichomoa zote na zisirudi, rudi kwenye waya.

6. Sensa ya joto yenye waya mbili

Kosa likiwa FMI 4, chomoa soketi. Likigeuka kuwa FMI 3, waya ni mzima na sensa ni mbovu. Likibaki FMI 4, waya umegusa chuma mahali fulani. Kosa likiwa FMI 3, unganisha pini mbili za upande wa waya kwa kipande kifupi cha waya. Likigeuka kuwa FMI 4, sensa ni mbovu. Likibaki, waya umekatika. Usifanye hivi kwa sensa ya waya tatu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Mashine inaonyesha 110-0. Kwa nini utatazama maji, feni na mkanda wake kabla ya kugusa sensa?
2. Mwenye mashine anakuambia, "Taa hiyo ni ya uongo, izime tu." Utamwonyesha nini ili akubali kusubiri upime?