Vidole vya Samaki: Somo kwa Wapishi wa Shinyanga na Geita

Wasomaji wetu, katika nyumba nyingi samaki akiletwa jioni, mtoto mdogo hupewa mchuzi na ugali tu. Mama huogopa mwiba usije ukamkwama kooni, na kwa hofu hiyo mnofu wote huliwa na wakubwa. Walakini mtoto aliyeachishwa ziwa ndiye mwenye haja kubwa ya chakula cha kujenga mwili, naye ndiye apataye kidogo kuliko wote. Basi leo twataka kueleza namna ya kumpika samaki asiye na mwiba, akatwe vipande mfano wa kidole, avikwe chenga za mkate, akaangwe mpaka nje awe mkavu wa kulia menoni na ndani awe laini.

Upishi huu ulipata sifa kwanza katika nchi za mbali. Marekani vipande vya namna hii vilianza kuuzwa vikiwa vimegandishwa kwa baridi mwaka 1953, na Uingereza viliuzwa mwaka 1955 na kampuni ya Birds Eye, iliyokuwa na kiwanda mjini Great Yarmouth. Samaki wao walikuwa wa bahari. Sisi tunaye sangara, ambaye hapo kale hakuwako katika Ziwa Victoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Wazee walikuwa wakila sato, ningu na furu. Siku hizi viwanda vya Mwanza hukata minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, na mifupa inayobaki na nyama kidogo, yaitwayo mapanki, huuzwa kwa watu wa hapa. Hatusemi kwamba biashara hiyo ni mbaya, maana wengi wapata riziki humo. Twasema tu kwamba anayeweza kununua samaki mzima, au sehemu ya samaki, amwekee mtoto wake mnofu.

Sangara wafaa sana kwa kazi hii kuliko sato, kwa sababu miiba yake ni mikubwa na ni michache. Usinunue mdogo: sheria ya uvuvi imekataza kuvua sangara asiyefika sentimita 50, na tena mdogo hana mnofu wa kutosha. Mkazi wa Nkome au wa pwani nyingine ya Geita humpata siku ile ile aliyovuliwa. Aliyeko Shinyanga yuko mbali na ziwa, kwa hiyo na atazame vizuri. Macho ya samaki yawe angavu, yasiwe yameingia ndani. Mashavu yawe mekundu. Ukibonyeza nyama kwa kidole irudi mahali pake. Kama barafu imeyeyuka zamani na samaki anaelea katika maji yake, mwache, hata kama bei imepunguzwa.

Kwa watu sita chukua mnofu wa kilo moja, usio na ngozi. Pitisha kidole polepole toka upande wa kichwa kwenda mkiani. Utasikia katikati mstari wa miiba midogo, hasa upande wa mbele. Kata kipande chembamba chenye mstari huo na ukitie katika sufuria ya mchuzi. Usijaribu kung'oa mwiba mmoja mmoja kwa haraka, maana ule utakaosahauliwa ndio utakaomfikia mtoto. Kisha kata minofu vipande vyenye urefu wa kidole cha mtu mzima na unene wa sentimita mbili. Vikiwa vinene zaidi, nje itaungua na ndani itabaki mbichi.

Sasa twafika penye siri ya kazi yote, nayo ni maji. Katika mnofu wa samaki, sehemu nne katika tano ni maji. Ukiutia katika mafuta ukiwa umelowa, maji yale hugeuka mvuke, gamba la nje hulainika na kubanduka, na mafuta huruka hata kumchoma mpishi. Kwa hiyo nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai na maji ya ndimu, acha robo ya saa, kisha futa kila kipande kwa kitambaa safi mpaka kisiache unyevu mkononi. Wengi huona kufuta ni kazi bure. Ndio hao wanaouliza baadaye kwa nini samaki wao amekuwa kama uji.

Tayarisha sahani tatu. Ya kwanza uweke unga wa muhogo kikombe kimoja. Vitabu vya wageni husema unga wa ngano, lakini unga wa muhogo, ambao Geita haukosekani, hukauka vizuri zaidi. Ya pili uweke mayai mawili yaliyopigwa. Ya tatu uweke chenga za mkate vikombe vitatu. Mkate uwe umelala siku mbili, ukatwe vipande, uanikwe juani chini ya kitambaa cha kuzuia nzi, kisha utwangwe, lakini usiwe vumbi. Asiye na mkate atumie unga wa mahindi ulio mkwaruzo. Asiye na mayai akoroge unga wa muhogo na maji baridi mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Chovya kila kipande katika unga na ukung'ute, kisha katika yai, kisha katika chenga, uzibonyeze kwa kiganja. Panga vipande katika sinia visigusane, uviache dakika kumi ili gamba lishike.

Kabla ya kuwasha moto, hapana budi tuseme neno juu ya kikaango, maana huku kwetu neno hili ni kubwa kuliko upishi wenyewe. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, watu hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Wako wanaoichomea nyumbani, katika kikaango au bati la jikoni, na jioni chombo kile kile huoshwa na kupikiwa. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni mwa aliyeko karibu, hushika kuta, nguo na vyombo, na chombo hicho hakitakati kwa sabuni wala kwa majivu. Huleta kutetemeka mikono, usahaulifu na ugonjwa wa figo, na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake. Kikaango kilichochoma dhahabu mara moja tu kisirudi jikoni kamwe, hata kama ni kipya, hata kama ni cha jirani aliyekuja kukuazima akakirudisha kiking'aa. Akina baba, jambo hili ni juu yenu hasa, maana mama hawezi kujua kikaango chake kilikwenda wapi mchana ikiwa hakuna aliyemwambia.

Tena zebaki ikimwagwa majini hugeuka kuwa sumu nyingine kali zaidi, nayo huingia katika samaki, wala moto wa kupikia hauiondoi. Huko Minamata, nchi ya Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956, watu walipooza na kufa kwa kula samaki wa ghuba iliyotiwa taka za kiwanda zenye zebaki. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliofanywa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba samaki wa ziwani walikuwa na zebaki kidogo, lakini baadhi ya samaki wa maji yaliyo karibu na machimbo walikuwa nayo kupita kiasi kinachokubaliwa. Kwa hiyo kambale aliyenaswa katika dimbwi la kuoshea mchanga wa dhahabu si chakula, ijapokuwa ni bure.

Ukisha kuwa na chombo kisicho na shaka, tia mafuta yafike kina cha vidole viwili. Mafuta ya alizeti yafaa, na ya pamba pia yafaa, ila yawe yamesafishwa kiwandani. Mafuta ghafi ya mbegu za pamba yana sumu ya asili. Moto uwe wa wastani. Dondosha chembe ya mkate: ikizama na kukaa kimya, mafuta bado; ikiwa nyeusi mara moja, yamezidi; ikipanda juu ikichemka pembeni na kugeuka rangi ya dhahabu kabla dakika haijaisha, anza kazi.

Tia vipande vitano au sita tu. Mwandishi wa somo hili alipojaribu mara ya kwanza alikuwa na wageni mlangoni, akavitumbukiza vyote kwa pamoja. Mafuta yakapoa, chenga zikayanywa, na wageni wakala kwa adabu. Sababu ni hii: mafuta yakiwa na moto wa kutosha, maji ya ndani hutoka kwa nguvu yakiwa mvuke na kuyazuia mafuta yasiingie. Yakipoa, mvuke hupungua nguvu, na mafuta hupata njia. Kaanga dakika mbili kila upande, kisha vunja kimoja utazame: nyama iwe nyeupe yote na iachane kwa urahisi.

Usivipange juu ya sahani wala usivifunike kwa kifuniko. Desturi ya kufunika chakula cha baba anayechelewa ni desturi njema, lakini hapa huharibu, kwa kuwa mvuke hurudi juu ya gamba. Viweke juu ya wavu au chekeche safi, hewa ipite chini. Ikiwa lazima vingoje, funika kwa kitambaa chepesi, kisha uvirudishe katika kikaango kikavu dakika chache.

Viliwe na ugali na mlenda, au viazi vitamu, pamoja na kachumbari. Mtoto wa miaka miwili avunjiwe kipande chake kwa mkono wa mtu mzima kwanza, hata kama mpishi ameapa kwamba hakuna mwiba. Kichwa na mfupa visitupwe: vichemshwe pamoja na ule mstari wa miiba, vitunguu na nyanya kwa nusu saa, kisha mchuzi uchujwe kwa chujio jembamba, uwe tayari kwa ugali wa kesho mchana.